Lorraine Zielonka na Ubeti Uliokatwa

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria motoni, punguza moto kwanza. Kama uko garini, nenda polepole, maana theluji ya jana bado imeganda huku upande wa mashariki. Leo tuna mtu wetu wa kumkumbuka, na habari zake hazitaki haraka.

Tunamkumbuka Lorraine Zielonka. Lorraine wa saluni. Amefariki Jumanne, hapa hapa mjini Erie, akiwa na miaka themanini na minne.

Wengi wenu mmekaa kwenye kiti chake. Wengine hamkumjua kwa sura, lakini mmemwimba. Mmemwimba garini, mmemwimba kwenye harusi za watu, mmemwimba dukani mkichagua nyanya. Maana Lorraine ndiye mama wa kwenye wimbo wa "Kitasa Kipya". Yule mama aliyebadilisha kitasa, binti yake akabaki nje kwenye theluji.

Ndivyo mlivyousikia. Ndivyo tulivyowapigia sisi, kituo hiki hiki, miaka na miaka. Leo tutasema yote, pamoja na kile kipande ambacho hamkukisikia. Mwenye mtoto asogee karibu. Mwenye mama naye asogee.

Lorraine alikuwa na mtoto mmoja na hofu ya watoto kumi. Mumewe, Stan, alikuwa fundi kwenye kiwanda cha vichwa vya treni. Moyo ulimsimama kazini, mwaka 1983. Binti yao Denise alikuwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo Lorraine hakutulia tena. Theluji ikianza kudondoka, anapiga simu shuleni. Basi la shule likichelewa dakika tano, anatoka nje na aproni, mikono imejaa povu, mteja amemwacha na kichwa ndani ya sinki.

Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Viti viwili, sinki moja, na redio juu ya rafu ya taulo. Redio hiyo haikuzimwa kamwe. Mlango wa familia ulikuwa wa nyuma, wa jikoni. Hapo, nyuma ya bomba la maji ya mvua, Lorraine alipiga msumari akaning'iniza ufunguo. Alifanya hivyo ili Denise akitoka shule asisimame nje hata dakika moja. Ufunguo uko kwenye msumari. Denise alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

Denise akakua, akafika miaka ishirini. Alikuwa anajifunza kutengeneza nywele, kiti cha pili kilikuwa chake. Lakini alikuwa na gitaa, na vijana watatu wa mashati ya flana na suruali zilizochanika magotini. Bendi yao waliiita Chumvi ya Barabara, ile inayomwagwa kuyeyusha barafu. Mnakumbuka miaka ile. Roki ya magitaa yanayokwaruza, sauti kama mtu aliyetoka kulia.

Jumamosi moja ya Januari 1995, saa sita mchana, gari lao likasimama mbele ya saluni. Lorraine akatoka, kitana bado kiko mkononi.

"Mnakwenda wapi na theluji hii?"

"Cleveland, Mama. Tumepata ukumbi. Siku tatu tu."

"Na Bi Pruitt? Nani atamwosha nywele?"

"Mama, nywele za Bi Pruitt ziko sita. Zioshe mwenyewe."

Wale vijana garini wakacheka. Bi Pruitt, ambaye alikuwa mlangoni na taulo kichwani, naye alicheka. Lorraine peke yake hakucheka.

"Ukipanda hilo gari," akasema, "usirudi hapa."

Akapanda.

Bernadette, mdogo wake Lorraine, ametuambia hivi: "Dada yangu maneno hayo aliyasema kwa mdomo tu. Gari lilipokata kona alikuwa ameshaanza kuyajutia. Lakini angesemaje? Angekimbia nyuma ya gari na kitana?"

Siku tatu zikawa tano. Tano zikawa kumi. Simu hakuna. Kila habari ya ajali barabarani, Lorraine anasimama mbele ya televisheni akihesabu magari. Na hofu, wasikilizaji, ikikaa sana ndani ya mtu hugeuka hasira. Siku ya kumi na mbili akamwita fundi. Akabadilisha kitasa cha mlango wa jikoni. Mtaa mzima uliona.

Bernadette alimkuta fundi yuko kazini.

"Unafanya nini, Lorraine?"

"Namtisha."

"Unamtisha nani, na wewe ndiye unayetetemeka?"

"Namtisha kidogo tu. Ajue mama yake hachezewi."

Sasa lishikeni hili. Fundi hajafunga hata sanduku lake la vyombo, Lorraine alikwenda nyuma ya bomba la maji ya mvua na kuning'iniza ufunguo mpya. Pale pale. Msumari ule ule. Kitasa kilibadilika, msumari haukubadilika.

Denise alirudi siku ya kumi na sita, saa kumi jioni. Lorraine alikuwa saluni akimkata mtu. Akasikia ufunguo wa zamani ukikwaruza kwenye kitasa. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Mkasi ukasimama hewani. Akajiambia, sasa ataukumbuka msumari, ataingia, nitampashia supu, nitamgombeza akiwa anakula.

Akasubiri. Mlango haukufunguka.

Alipotoka, alikuta nyayo. Zilitoka mlangoni, zikaenda mpaka kwenye bomba, zikasimama hapo mtoto wa watu akikanyaga huku na huku. Kisha zikageuka zikaenda barabarani. Ufunguo ulikuwa unaning'inia, haujaguswa, una theluji kidogo juu yake.

Kwa hiyo aliuona. Lorraine alilijua hilo tangu siku ile. Binti yake aliuona ufunguo, akauacha.

Huo ndio ukweli wa nyumba ile. Sasa njooni kwenye wimbo.

Denise aliutunga wimbo garini, wakaurekodi kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mtu, huko Cleveland. Ulikuwa na dakika tano na sekunde arobaini. Beti mbili za kwanza zinamlaumu mama. Kiitikio mnakijua: "Umeweka kitasa kipya, nami nina ufunguo wa zamani." Ubeti wa tatu unakuja mwishoni, polepole, gitaa moja tu. Huo hamkuujua.

Oktoba mwaka ule diski ikafika hapa kituoni. Mkuu wetu wa vipindi alikuwa Walt Heffernan, Mungu amrehemu. Walt akausikiliza mara mbili akasema, huu utakwenda mbali. Tatizo lilikuwa urefu. Mchana hatukupiga wimbo unaozidi dakika nne, maana unameza matangazo ya biashara. Na siku zile kukata wimbo kulikuwa kukata kweli. Unauhamisha kwenye utepe, unachukua wembe, unakata, unaunganisha kwa gundi. Walt akakata baada ya kiitikio cha pili. Ubeti wa tatu ukaanguka sakafuni. Jioni mfagiaji akaufagia.

Hakuiba, jamani. Alipiga simu kwanza, kabla ya kuupiga hewani. Alimpata Denise kwenye kituo cha petroli huko Ohio.

"Binti, nimekata mwisho. Unakubali?"

"Utapigwa?"

"Kila siku."

"Basi kateni. Mwenye kuupenda atanunua diski asikie wote."

"Na mama yako je? Si yuko hapa mjini?"

"Mama? Mama hununua hata kalenda ya duka la majeneza ikiwa na jina la Zielonka. Ataununua wa kwanza."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alimjua mama yake wa siku zote. Hakumjua mama aliyeumizwa.

Wimbo ukashika moto. Wiki ya kwanza simu za kuuomba zilikuwa thelathini kwa siku. Wiki ya tatu tuliacha kuhesabu. Vituo vya Buffalo vikaomba utepe wetu. Pittsburgh wakaomba. Kampuni ya muziki ilipoona hivyo, ikatoa diski maalumu za redio, na ikatumia ule ule wa Walt, uliokatwa. Kufika Pasaka ya 1996 "Kitasa Kipya" ulikuwa kileleni nchi nzima. Nchi nzima ikamwimba mama mkatili wa Erie. Ubeti wa tatu haukupigwa na redio hata moja, na walionunua diski hawakujua kwamba mama mwenyewe hajausikia.

Lorraine aliusikia mara ya kwanza mikono ikiwa kichwani mwa mtu. Sauti ya mwanawe ikatoka kwenye rafu ya taulo. Kwa sekunde kama kumi alifurahi. Alitaka kupiga kelele, huyu ni Denise wangu! Kisha maneno yakaja. Kitasa. Theluji. Mlango. Akasikiliza mpaka mwisho, akisubiri sehemu ya msumari. Wimbo ukaisha. Likaja tangazo la matairi.

Hakuizima redio. Wateja wangeuliza. Alichofanya, kila gitaa la kwanza likilia, alinyanyua draya ya mkono akaiwasha, ngurumo yake imeze maneno.

"Lorraine," Bi Pruitt alimwambia siku moja, "nywele zangu zimekauka tangu saa nne."

"Bado mizizi."

"Mizizi gani, mpenzi? Mizizi yangu imebaki kumbukumbu."

Bi Pruitt alikuwa anajua. Aliendelea kuja kila Ijumaa hadi kifo chake, na hakuwahi kuuliza. Wengine walihama. Walisema saluni nyingine ina maegesho mazuri.

Kwaresima ile, kama kila mwaka, wanawake wa parokia walikutana chini ya kanisa kutengeneza pierogi za Ijumaa, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha. Wanawake arobaini, unga mpaka viwikoni, wanafinya kingo viazi visitoke. Jikoni kulikuwa na redio. Wimbo ukaingia. Hapakuwa na draya.

Vidole vinafinya tu. Kisha mmoja, hatutamtaja maana wajukuu wake wanatusikiliza, akasema kwa sauti ya utani, "Lorraine, tukichelewa kurudi nyumbani, na sisi utatubadilishia vitasa?"

Wachache wakacheka kwa pua.

Lorraine hakuondoka. Bernadette anasema alifinya pierogi mia mbili siku ile, hakuna hata moja iliyofunguka kwenye maji. Alipofika nyumbani akakaa kwenye ngazi ya jikoni na koti lake, karibu na lile bomba, akalia hadi miguu ikafa ganzi.

Mwezi uliofuata ikaja kadi ya posta kutoka Oregon. Mwandiko wa Denise. "Mama, umeusikia? Sasa umenielewa?"

Mwone mtoto, anaomba msamaha. Anadhani mama ameusikia ubeti wa tatu. Na mwone mama, ameisoma kadi hiyo kama kofi la pili. Aliichana vipande vinne.

Denise hakupata jibu. Akasema, basi, amenikataa. Mama naye akasema, basi, amenidhihaki. Kila mmoja akakaa na lake. Miaka minane, wasikilizaji. Miaka minane. Bendi ikavunjika mwaka 1999. Denise akahamia Pittsburgh, akawa anafundisha watu gitaa. Pittsburgh si mbali. Ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Na muda wote huo, kila wiki, sisi tunaupiga wimbo.

Aliyeivunja miaka hiyo ni Bernadette. Mwaka 2004, kwenye mnada wa vitu vikuukuu kanisani, akaiona ile diski kwenye boksi, chini ya majarida ya kufuma. Hakuwahi kuigusa, kwa ajili ya dada yake. Aliinunua kwa senti chache ili akaivunje. Lakini garini, hasira zikamtuma aisikilize mara moja, apate nguvu ya kuivunja. Akasikia kiitikio cha pili. Akangoja kiishe. Hakikuisha. Gitaa moja likaendelea.

"Sikuweza kuendesha," anasema. "Watu wananigongea kioo, mama, unazuia njia. Nikawaambia, pitieni juu."

Alikwenda moja kwa moja saluni. Lorraine alikuwa amevaa glavu, anampaka Bi Kuhar dawa ya kukunja nywele. Dawa ile haikai kichwani zaidi ya muda wake. Bernadette akaiweka diski kwenye mashine ya diski pale rafuni. Gitaa la kwanza lilipolia, Lorraine akaishika draya.

Bernadette akachomoa waya wa draya ukutani.

"Rudisha waya wangu."

"Sikiliza kwanza."

"Bernie, nimeusikia miaka minane!"

"Hujausikia. Kaa chini, kichwa ngumu wewe."

"Nina mteja!"

"Msinijali mimi," akasema Bi Kuhar. "Hata mimi nataka kusikia."

Wakausikiliza wote watatu. Ubeti wa kwanza, wa pili, kiitikio. Kisha ule wa tatu. Tumeuomba kwa Denise tuusome, naye ametupa ruhusa:

"Ufunguo ulikuwa kwenye msumari, mahali pake pa siku zote. Niliuona uking'aa, nikauacha. Nikawaambia watu nimefukuzwa. Mama hakunifukuza. Ni mimi niliyeacha mlango."

Lorraine akakaa kwenye kiti cha pili. Kile cha Denise. Glavu bado mikononi.

"Alisema," akasema. "Bernie, alisema. Tangu siku ya kwanza alikuwa amesema."

Dawa ya Bi Kuhar ilipitiliza. Nywele za upande wa kushoto zilikatika zote, akavaa kofia hadi kiangazi. Hajalalamika hata leo. Anasema ndiyo siku pekee iliyompa cha kusimulia.

Lorraine alipiga simu mchana ule ule, kwa namba ambayo Bernadette alikuwa ameitunza bila kuipiga. Denise akapokea. Lorraine hakusalimia kwa habari za siku nyingi.

"Kwa nini hukuuchukua?"

Denise akajua ni nani, akajua ni nini. Ametuambia alikaa sakafuni na simu.

"Nilikuwa nasubiri utoke nje, Mama. Nilijua uko ndani. Niliona taa. Nilitaka utoke unishike mkono."

"Na mimi nilikuwa nasubiri uingie."

Basi. Ukuta mmoja katikati yao. Huku mtu na mkasi, kule mtu na gitaa.

Denise alifika kabla ya chakula cha jioni. Tusiwadanganye kwamba waligeuka malaika. Waligombana kuhusu rangi ya nywele za Denise usiku uleule, na miaka ishirini iliyofuata waligombana kila Ijumaa. Lakini wakila meza moja.

Walt Heffernan naye, alipojua, alikwenda saluni kuomba radhi. Alikuwa mgonjwa tayari. Lorraine akamsikiliza, akamwambia kaa. Akamnyoa mpaka ngozi.

"Lorraine, nilisema upunguze tu."

"Nimekata mwisho," akasema. "Umekubali?"

Walt alicheka hadi akakohoa. Wakaagana salama.

Lorraine amefariki Jumanne asubuhi. Denise alikuwa kando ya kitanda akimchana nywele. Anasema mama yake aliuliza kama barabara zimemwagwa chumvi, kwa sababu wageni watakuja kwenye mazishi na wengine ni wazee. Ndilo neno lake la mwisho ambalo Denise alilisikia vizuri. Hofu kwa ajili ya watu.

Kwa Denise, kwa Bernadette, kwa ukoo wote wa Zielonka, kituo hiki kinatoa pole. Na kinatoa kitu kingine pamoja na pole. Kinaomba msamaha, hewani, mbele ya mji uliousikia wimbo hapa kwanza. Tulikata, hatukuuliza kilichokatwa kina maana gani kwa nyumba ile. Misa ni Jumamosi saa nne asubuhi.

Na ninyi kina mama wenzangu, nisikilizeni. Ukiogopa, mwambie mtoto unaogopa. Usimwite fundi. Mtoto hawezi kuisoma hofu yako kwenye kitasa, anasoma chuki tu. Na ninyi watoto wetu, msitupelekee neno la msamaha kupitia kwa watu. Sisi tuna mikono michafu, tuna draya inaunguruma, hatusikii. Njooni mlangoni mseme. Na mlango ukiwa mgumu, gongeni. Gongeni tena. Anayesubiri ndani huenda naye hajui kama anasubiriwa.

Tulidhani tutamalizia kwa kuupiga "Kitasa Kipya" wote, dakika tano na sekunde arobaini. Diski iko hapa mezani. Tulimuuliza Denise. Akasema, "Hapana, jamani. Watu wameusikia wa kutosha. Nyamazeni kidogo, watu wapige simu zao."

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, sasa tunazima maikrofoni kwa dakika tatu. Fundi mitambo wetu hapendi, anasema redio ikinyamaza watu huanza kupigapiga kisanduku. Usikipige. Redio yako haijaharibika. Wewe unamjua unayepaswa kumpigia simu.